Kitambaa Cheupe cha Saa Sita Mchana

Pazi aliamini vitu viwili: kwamba shule ilimpotezea muda, na kwamba mtaa mzima hakuna aliyejenga banda la kuku kama lake. Mkitaka kumcheka, ngojeni kidogo. Mwenyewe atawatangulia.

Shule aliiacha darasa la sita. Mwalimu alimwambia anyamaze, naye akamwambia mwalimu arekebishe kwanza lile kosa lake ubaoni, mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo alishika kazi za kila aina, na hakuna aliyodumu nayo zaidi ya miezi mitatu. Kitu pekee alichowahi kukimaliza maishani ni lile banda. Alilijenga siku nne, kwa mbao za kitanda cha marehemu babu yake na vipande vya dari vilivyotupwa jirani walipobomoa nyumba. Akalipigilia misumari kila pembe, fito za kulalia kuku akazikaza mpaka hata mlevi akiziegemea zisitikisike, mlango akaupaka rangi ya bluu. Akamwita mama yake aje aone.

"Banda la kisasa hili, mama. Hata mtu analala."

"Naona," mama yake akasema.

Miezi mitano haikufika, kuku wakaanza kukataa kuingia. Jua likielekea kuzama wanapanda paa la choo, ukiwafukuza wanakuangalia kama umewatukana. Ule upanga mwekundu wa kichwani ukawapauka, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukawa rangi ya nyanya iliyochemshwa. Jogoo akafa. Pazi akasema ni baridi. Mtetea akafa. Pazi akasema jirani ana jicho baya. Ndipo mama yake akamkunjulia mkono wake, vidudu vidogo kama pilipili manga iliyosagwa vinatembea juu ya ngozi.

"Huu ni utitiri, Pazi."

"Najua. Wanao hao kuku wenyewe. Kuku ni wachafu." Akawakamata wote akawafua kwa sabuni ya mche, akawaanika. Wawili wakafa kwa kile kinachomuua kuku yeyote akifuliwa.

Aliyebaki wa maana alikuwa Shangazi. Ni kuku wa kahawia, mnene, mwenye tabia ya kusimamia mambo yasiyomhusu, ndiyo maana mama Pazi akampa jina hilo. Shangazi alikuwa analalia mayai kumi na moja mle ndani ya banda la kisasa, na kuku anayelalia mayai hana pa kukimbilia, lazima akae hapohapo aliwe. Ulipofika usiku wa kumi na mbili alikuwa hainui hata kichwa mtu akipita.

Mama yake hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho, "Zimebaki siku tisa. Akifia juu ya yale mayai, mimi na kuku basi. Nimefuga tangu sijakuzaa. Nitaliuza hilo banda kuni."

Lile neno kuni lilimuuma Pazi kuliko kifo cha jogoo. Akaondoka kutafuta dawa.

Alikuwa amesikia kuna nchi inaitwa Shwari ambayo haijawahi kuwa na utitiri hata mmoja, na imeandikwa hivyo kwenye karatasi na kupigwa mhuri. Pazi, asiyeamini chochote alichoambiwa na mwalimu, aliuamini mhuri. Njia ya kufika Shwari si ndefu, na wala haina la kusimulia. Tumkute tu amesimama mpakani mbele ya ofisa mwenye daftari.

"Unawashwa?" ofisa akauliza.

"Ndiyo. Hapa mgongoni, tangu—"

"Jibu ni hapana." Ofisa akaandika hapana. "Kujikuna hadharani ni kosa. Karibu Shwari."

Kitu cha kwanza alichokiona Pazi ni kwamba watu wa Shwari wanasalimiana sana. Hawashikani mikono. Wanakumbatiana, kila mmoja anapeleka kucha mgongoni kwa mwenzake, wanakaa hivyo dakika kumi, macho wamefumba, wanaulizana habari za nyumbani. "Shuka chini kidogo. Watoto hawajambo?" "Hawajambo. Kushoto. Hapohapo. Na mzee?" Wakimaliza wanatembea hatua sita, wanakutana na mwingine, wanaanza upya. Kujikuna mwenyewe ni jela, lakini hakuna sheria inayokataza adabu. Ukubwa wa mtu nchini humo unapimwa kwa idadi ya wanaomsalimu kwa siku, na wakubwa wenyewe wana wasalimu wa kuajiriwa, wa zamu.

Pazi akafikia kwa Bibi Sikitu, mjane aliyekuwa na kuku saba na banda lenye cheti mlangoni. Cheti kinasema: Safi. Kuku wake sita walikuwa juu ya paa la nyumba. Wa saba alikuwa ndani ya banda, analalia mayai, upanga umepauka. Pazi alimtambua mara moja. Rangi ilikuwa tofauti, huyu ni mweusi, lakini shingo iliyolegea ilikuwa ileile.

"Bibi, huyu ana utitiri."

Bibi Sikitu akaangalia barabarani kwanza. "Sema amechoka, baba. Hapa wanachoka."

Saa sita mchana kamili mkaguzi akaja. Huyu alikuwa Bwana Ngwali, Mkuu wa Kitambaa, mtu mpole, nadhifu, kofia nyeupe, na nyuma yake wasalimu wawili. Akatoa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, akakitandaza juu ya ufito wa kulalia kuku, taratibu kama anamfunika mtoto mchanga. Akahesabu mpaka tano. Akakiinua. Cheupe. Watu waliokusanyika wakapiga makofi, mhuri ukagongwa. Hapohapo kuku mmoja wa Bibi Sikitu akadondoka kutoka kwenye paa, akatulia chini bila kutikisika. Bwana Ngwali akamtazama kwa huzuni ya kiofisi.

"Andika," akamwambia karani. "Amejiuzulu."

Pazi hajawahi kuwa na mlango wa mdomo. Akasema, "Mkuu, kwani huo utitiri unakaa juu ya ufito mchana kweupe unaota jua? Mchana unajificha kwenye nyufa, kwa chini. Ugeuze huo ufito uone."

Yaani alisema jambo la maana kabisa, na hakujua limetoka wapi. Kwao hakuwahi kugeuza ufito hata mmoja. Lakini kosa la mtu mwingine lina mwanga wake, unaliona hata ukiwa umesimama mbali.

Bibi Sikitu akaanza kufagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Kijana," Bwana Ngwali akasema, "saa sita ndiyo saa yenye mwanga kuliko zote. Unataka tukague gizani kama wezi? Na ufito huo uliwekwa na Muasisi wetu kwa mkono wake. Aliuweka upande huu ukiwa juu. Mtu akiugeuza anasema nini kuhusu Muasisi?"

"Anasema alikuwa fundi seremala, hakuwa kuku."

Kwa maneno hayo akapelekwa Barazani.

Baraza la Shwari linakaa kwenye benchi moja refu la mti wa zamani, waheshimiwa arobaini wamebanana. Anayesimama anapoteza nafasi yake moja kwa moja, kwa hiyo hakuna aliyesimama tangu mwaka aliochaguliwa. Benchi lenyewe lina nyufa ambazo unaweza kuingiza kidole. Pazi akawatazama wanavyojisogeza, wanavyojipinda, wanavyosuguana mabega katikati ya hotuba, kila mmoja ana uso wa mtu anayewaza taifa.

Hoja ya siku ilikuwa kupauka kwa kuku. Mheshimiwa wa kwanza alisema kuku wa siku hizi hawana uzalendo, wanalala nje makusudi ili kuiaibisha nchi mbele ya wageni, ipigwe ngoma kila jioni na asiyeingia bandani achukuliwe hatua. Wa pili alisema tatizo ni rangi tu, hivyo upanga wa kila kuku upakwe rangi nyekundu kwa gharama ya mwenye kuku. Wa tatu, mzee mwenye sauti nzuri, alisema yeye binafsi amekaa benchi lile miaka thelathini na hajawahi kuona mdudu. Alisema hivyo huku mheshimiwa wa kulia anamkuna mbavu.

"Mgeni ana neno?" akaulizwa.

"Nina neno," Pazi akasema. "Inukeni wote, mgeuze hilo benchi."

Benchi zima likacheka. Lilikuwa cheko la watu wanaotafuta sababu ya kutikisika.

Pazi alitarajia jela. Alikwisha andaa maneno ya kusema jela, makali, ya kukumbukwa. Badala yake Bwana Ngwali akamchukua pembeni, akamwagizia pilau, akamsalimu kwa mkono wake mwenyewe. Wallahi, yule bwana alijua kusalimu. Alizipeleka kucha pale penye muwasho, bila kuelekezwa, mpaka Pazi akasahau alichokuwa anabisha.

"Una macho wewe," Bwana Ngwali akasema. "Sisi tunahitaji vijana wenye macho. Darasa la ngapi?"

"La sita."

"Hapa hatuangalii vyeti. Hapa tunatoa."

Kisha akamvika kofia nyeupe, akampa kitambaa. Msaidizi wa Kitambaa. Huyu Pazi aliyemfokea mwalimu, aliyegombana na kila tajiri aliyemwajiri, mtu wa kusema ukweli hata asipoulizwa, bei yake ilikuwa sahani moja ya pilau, kofia, na kukunwa mgongo. Baadaye, kila alipokuwa akisimulia, akifika hapa anaongeza mwenyewe, "Na pilau lenyewe lilikuwa la juzi."

Alijiambia atakaa siku mbili, awajue kwa ndani, halafu awabadilishe. Siku mbili zikawa nne. Akagundua ana kipaji. Kitambaa ukikibana kinaweza kuvuta kitu kwenye ufa, kwa hiyo kinataka mkono mwepesi, kiguse tu. Bwana Ngwali mwenyewe alikiri hajawahi kuona mkono mwepesi kama wa Pazi. Siku ya tano akapewa msalimu wake, wa nusu siku. Watu wakimwona barabarani wanampisha. Akiulizwa kama anawashwa, anajibu hapana haraka kuliko wenyeji.

Siku ya sita zamu yake ikaangukia kwa Bibi Sikitu.

Yule kuku mweusi alikuwa bado juu ya mayai, lakini mbawa zimeanguka pande zote mbili kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Bibi Sikitu akafunga mlango wa uani.

"Mwanangu," akasema kwa sauti ndogo, "wewe ndiye uliyesema ugeuzwe. Ugeuze mara moja tu, uandike ulichoona, nami nipate ruhusa ya kuuchoma. Bila karatasi yako siwezi kuugusa. Hapa tuko mimi na wewe, nani mwingine anakuona?"

Pazi akautazama ufito. Akatazama kofia yake kwenye kivuli chake ardhini, ilivyomkaa. Akawaza kwamba kesho ndiyo siku nzuri zaidi, kwa sababu kesho atakuwa amezungumza na Bwana Ngwali vizuri. Akatandaza kitambaa juu. Akahesabu mpaka tano.

"Safi, bibi."

Bibi Sikitu akapokea karatasi kwa mikono miwili, kama ilivyo desturi.

Kesho yake Pazi akapita pale. Kuku mweusi alikuwa amekufa palepale, kichwa kimelala juu ya yai moja, na utitiri unamtoka kurudi kwenye ufito, mstari mwembamba, hauna haraka. Bibi Sikitu alikuwa amekaa kizingitini. Pazi akafungua mikono amsalimu. Bibi hakusimama. Katika nchi ya Shwari hakuna tusi kubwa kuliko hilo, na Pazi alikuwa amekaa kule muda wa kutosha kulielewa.

"Kwenu umeacha kuku, baba?" akamwuliza.

"Nimeacha."

"Analalia mayai?"

Pazi akahesabu siku kwa vidole. Akahesabu tena, akitumaini vidole vimekosea. Zilikuwa zimebaki mbili.

Hakumuaga Bwana Ngwali. Mpakani alimkuta ofisa yuleyule na daftari lilelile.

"Uliwashwa ulipokuwa Shwari?"

"Nimewashwa mpaka kwenye meno," Pazi akasema.

Ofisa akaandika hapana. "Karibu tena."

Akafika kwao mchana, jua limesimama katikati. Mama yake alikuwa anafua. Akamtazama kuanzia kofia kushuka chini.

"Dawa iko wapi?"

"Shangazi?"

"Bado yupo. Kwa taabu. Nimeuliza dawa iko wapi."

Pazi hakuwa na dawa. Alikuwa na kitambaa cheupe. Akaingia bandani, akapiga magoti kando ya Shangazi. Kuku akafungua jicho moja, akamwangalia namna mtu anavyomwangalia ndugu aliyechelewa msibani, akalifumba.

Mkono wa Pazi ukafanya kazi wenyewe. Kitambaa juu ya ufito, mguso mwepesi, moja mpaka tano. Akakiinua. Cheupe kabisa. Na hapo, msimwonee huruma, alifurahi. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi kweli, banda lake ni safi, amelijenga vizuri, mdomo ulikwisha funguka kumwita mama yake aje aone.

Akaufunga. Akaushika ufito kuugeuza. Haukugeuka. Aliupigilia misumari mwenyewe, ile mirefu, minne kila upande, na alikuwa amejisifu kwa hilo.

Akaenda kuleta nyundo. Akaung'oa, akaupindua juani, akaukandamizia kitambaa upande uliokuwa chini kwa nguvu zake zote na kuusugua mwanzo mpaka mwisho. Kitambaa kikawa chekundu kama kimefutia kisu machinjioni. Chini ya ule ufito, kwenye kila ufa wa kitanda cha babu, utitiri ulikuwa umerundikana kama majivu yanayotembea. Akajaribu ubao wa pili. Wa tatu. Mlango wa bluu. Kote.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ina povu.

"Ulijua?" Pazi akauliza.

"Tangu mwezi ule uliofua kuku."

"Mbona hukusema, mama?"

"Ningesema saa ngapi? Kila nikifungua mdomo unaniambia banda la kisasa, hata mtu analala. Nikaona mwanangu kwa mara ya kwanza amemaliza kitu. Nikanyamaza." Akakung'uta povu. "Na kuku wakafa. Nami nina kosa langu."

Pazi akaokota nyundo tena.

Wakafanya kazi mpaka alasiri. Mayai wakayafuta moja moja. Shangazi wakampaka majivu chini ya mbawa na shingoni, wakamweka na mayai yake kwenye beseni lenye nyasi mpya na majivu, pembeni ya jikoni. Maji ya moto yakamwagwa pale banda lilipokuwa. Banda lenyewe Pazi alilibomoa ubao kwa ubao, kwa shida, maana kweli alikuwa amelijenga imara, akalichoma lote pamoja na mlango wa bluu. Kofia nyeupe ikaingia mle. Hakuna aliyenunua kuni.

Wakakaa wanatazama moshi. Pazi akawa anajisogeza, anajipinda, anasugua bega kwenye nguzo, uso ameukaza kama mheshimiwa.

"Unawashwa?" mama yake akauliza.

Neno hapana lilikuwa limefika kwenye ulimi, limezoea njia.

"Nawashwa," akasema. "Kila mahali, mama. Nawashwa tangu nilipolijenga."

"Basi geuka nikukune. Halafu ukaoge."

Mayai manne yalitoka vifaranga. Saba hayakutoka, na Pazi aliyafukia mwenyewe, hakusingizia baridi. Shangazi alipona taratibu, upanga ukarudi na rangi, na siku aliyomdonoa Pazi mguuni kwa sababu amepita karibu na watoto wake, wakajua amepona kabisa.

Banda jipya ni dogo, limekaa upande kidogo, na mtu hawezi kulala humo. Fito zake hazina hata msumari mmoja. Zimelazwa tu kwenye vigingi, unainua, unageuza, unatazama. Ukipita pale kwao leo ukaanza kulisifu, Pazi atakukatiza sentensi. Atainua ufito mmoja mbele yako, chini juu, kabla hajakuuliza hata jina.